Silabi ya "Wa"

Hotuba hii, kuhusu kabila kwenye vichwa vya habari, niliitoa Jumamosi asubuhi mbele ya waandishi vijana, wanafunzi wa uandishi wa habari na wazee wachache waliojikaribisha wenyewe, katika ukumbi mmoja wa Ilala, Dar es Salaam. Mvua ya usiku ilifunga Jangwani, na wengi wenu mkaishia Magomeni. Naiweka yote kwa ajili yenu. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Shikamooni wazee wangu. Wanangu, hamjambo?

Nimepewa dakika arobaini. Dada aliyekaa mlangoni ameshika saa, na amenionya kwamba hana huruma na wastaafu. Basi niingie moja kwa moja.

Wengi mnanijua kama mwandishi. Nilikuwa mwandishi miaka michache tu. Miaka mingi nilikaa dawati la usiku nikiandika vichwa vya habari. Mwenzangu anahangaika siku mbili, analeta maneno mia sita. Mimi nampa manne, saa nne usiku, mtambo ukiwa umeshawashwa. Sasa niwaulize: asubuhi pale Kariakoo, kwenye meza ya magazeti, watu wanasoma ya nani? Mia sita ya mwenzangu, au manne yangu? Mmesimama pale, mnajua. Watu ishirini wanainama, wanasoma vichwa, wananyooka, wanawahi daladala. Anayenunua ni mmoja. Na kabla meza hazijapangwa, redio zimekwisha kuvisoma vichwa hivyo hewani, vimefika hadi Tunduru. Habari yenyewe inabaki ndani ya karatasi iliyokunjwa.

Niwasimulie kichwa kimoja nilichokiandika mimi, kwa mkono huu.

Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni wilayani Kilosa, mkoani Morogoro, watu 38 waliuawa katika shambulio moja, kwenye mgogoro wa wakulima na wafugaji. Wengine hapa mlikuwa hamjazaliwa. Nchi ilitetemeka, na ilikuwa haki yake kutetemeka. Lakini baada ya hapo, sisi wa dawati la usiku tulikuwa na kichwa kimoja mfukoni, kinasubiri tu habari ya kukivaa.

Ikaja. Miezi michache baadaye mwandishi wetu wa mkoani alipiga simu kutoka kijiji kingine, si Kilosa: watu wawili wameuawa shambani, polisi wanawasaka vijana kadhaa. Chanzo kilikuwa kamanda wa polisi peke yake. Aya tano. Ukurasa wa mbele ulikuwa na tundu. Nikaandika maneno matatu, makubwa, ya rangi nyekundu:

Wamasai waua tena.

Yalikaa vizuri ajabu. Mpangaji wa kurasa alinipongeza. Nikaenda kulala.

Asubuhi nafika kazini, mlangoni yupo mlinzi wetu. Kijana wa Simanjiro. Tulimwita Yero, kama Dar nzima inavyowaita vijana wote wa Kimasai kana kwamba walizaliwa na jina moja; hilo nalo lina hotuba yake, siku nyingine. Ameshika gazeti, kalinunua kwa hela yake. Akanionyesha ukurasa wa mbele, akaniuliza, taratibu kabisa:

"Bosi, mimi nimemuua nani?"

Nilicheka. Nilidhani utani. Yeye hakucheka. Akaniambia kwamba kwenye daladala asubuhi ile mama mmoja alimtazama, akatazama gazeti la abiria wa mbele, kisha akamhamisha mtoto wake akampakata upande wa dirishani. Akaongeza: "Morogoro naipita na basi tu. Sijawahi kushuka."

Ndugu zangu, mimi mshahara wangu ulikuwa maneno. Sikuwa na jibu.

Tulitazame lile neno la kwanza. Wamasai. Silabi yake ya kwanza ni "wa". Ukiitamka, umemtaja nani? Umemtaja aliyeshika silaha siku ile, na bibi yake aliyeko Longido, na mwanafunzi wa mwaka wa tatu pale Mlimani, na mlinzi wa mlango wetu. Lugha yetu haikuulizi unawataka wangapi. Mpaka wewe mwenyewe uongeze "baadhi ya", au "sita", au "vijana wa boma moja", ile "wa" imekwisha kuwakusanya wote na kuwapanga mstari mmoja.

Na lile la mwisho? "Tena." Hilo ndilo baya zaidi, na mimi nililiweka ili mstari ujae. "Tena" ilichukua watu wa Kilosa, waliokuwa na mgogoro wao, na watu wa kijiji hiki, wenye mgogoro mwingine kabisa, ikawashona. Matukio mawili yakawa tabia. Nani aliniambia kwamba ni wale wale? Hakuna. Nilihitaji herufi nne.

Halafu kuna jambo ambalo sikuliona kwa miaka. Waliokufa tuliwapa kazi yao: wakulima. Walioua tuliwapa kabila lao. Pimeni wenyewe. Ukisema mfugaji amemuua mkulima, msomaji anauliza: walikuwa wanagombania nini? Ukisema Mmasai amemuua mkulima, msomaji haulizi kitu, kwa sababu anaona amekwisha kujibiwa.

Na kulikuwa na la kuuliza! Wiki tatu baadaye mwenzetu mmoja alikwenda kijijini, akalala siku mbili. Akakuta bonde moja lililokodishwa mara mbili. Uongozi wa kijiji ulikuwa umechukua hela ya wakulima walime bustani za kiangazi kandokando ya bwawa, na ukachukua hela ya wafugaji wapitishe ng'ombe kwenda kunywa bwawa lile lile, kiangazi kile kile. Kila upande una stakabadhi, na mhuri ni mmoja. Kati ya vijana sita waliokuwa wakiswaga ng'ombe siku ile, mmoja alikuwa Mgogo wa kuajiriwa.

Habari ile tuliitoa. Ukurasa wa saba, chini ya tangazo la mbolea.

Niwape jina jingine, kwa haraka. Mang'ati. Nani hapa hajaliona gazetini? "Wamang'ati wavamia", "Wamang'ati wateka". Wanaoitwa hivyo wenyewe wanajiita Wadatoga, na wengi wao ni Wabarabaig. Mang'ati ni neno la Kimasai, na maana yake ni adui. Watu waliopigana na Wamasai zamani wakaitwa na Wamasai maadui. Sisi wa Dar es Salaam, ambao hatukuwahi kupigana nao, tukaliokota tukalifanya jina lao rasmi. Kwa hiyo gazeti limekuwa likiandika, miaka na miaka, "Maadui wavamia kijiji". Na hawa ni watu ambao ardhi yao ya malisho kule Hanang ilitwaliwa kwa mashamba makubwa ya ngano, kiasi cha ekari laki moja, kuanzia miaka ya 1970. Wakatawanyika na ng'ombe wao kusini na mashariki. Kila walikofika, neno lilikuwa limefika kabla yao.

Mnasema, mzee, hayo ni ya huko porini. Sisi watu wa mjini. Haya, turudi mjini. Mwaka 2006, mliokuwepo mnaukumbuka. Mgawo wa umeme! Vinyozi wamekaa nje, jenereta zinanguruma Kariakoo nzima, samaki wanaoza Feri. Bwawa la Mtera limekauka, na bila Mtera hata mitambo ya umeme ya Kidatu inasuasua. Nchi inataka kujua nani amekausha maji.

Tukawapa jibu. Ng'ombe. Ng'ombe wa Usangu na Ihefu, kule Mbarali. Picha zilikuwa tayari: makundi ya ng'ombe, vumbi, mtu ameshika fimbo. Na maelezo ya picha yalikuwa na kabila, mara Wasukuma, mara Wabarabaig. Wafugaji wakaondolewa Usangu mwaka ule na uliofuata, wengine wakaelekezwa Lindi na Pwani.

Sasa sikilizeni. Mto Ruaha Mkuu, unaotoka Usangu na kuingia Mtera, ulikuwa umeanza kukatika kila kiangazi tangu mwaka 1993. Juu yake kuna mifereji ya mashamba ya mpunga, makubwa na madogo, Mbarali, Kapunga na kwingineko, inayochota maji hata kiangazi. Sisemi ng'ombe hawanywi maji, wala sisemi hawaharibu ardhi oevu. Nasema mpunga nao unakunywa, tena unakunywa ukiwa umesimama ndani ya maji. Mpunga ule unakwenda wapi ukishakobolewa? Mchele wa Mbeya! Unakuja hapa. Ndio wali wa Jumapili wa kila aliyekuwa akilalamika kuhusu mgawo, mimi nikiwemo. Ila wali hauna kabila. Hauwezi kupigwa picha umeshika fimbo. Kwa hiyo haukuandikwa.

Na wafugaji wale walipofika Rufiji na Kilwa na mifugo yao, mnadhani walipokewaje? Wenyeji walikuwa wamekwisha kusomewa habari zao. Hawakumwona mtu aliyefukuzwa. Waliwaona wale waliozima umeme. Migogoro iliyofuata huko, ya damu mingine, tuliiandika kama uthibitisho kwamba tulikuwa tumesema kweli tangu mwanzo.

Sasa niingie kwenye jambo zito zaidi, mnivumilie.

Aprili 6, 1994. Siku ile wakuu wa nchi jirani walikutana hapa, Dar es Salaam, kuzungumzia Burundi na Rwanda. Jioni Rais Habyarimana wa Rwanda akaondoka na ndege yake, akiwa na Rais Ntaryamira wa Burundi. Ndege ilitunguliwa ilipokuwa ikitua Kigali. Walipanda hapa kwetu. Mimi nilikuwa bado mwandishi wa kutembea, na asubuhi iliyofuata nilipewa kazi ya kutafsiri taarifa za mashirika ya nje.

Taarifa ziliandika mapigano ya kikabila. Nami nikatafsiri mapigano ya kikabila. Siku ya pili, kikabila. Siku ya tatu, kikabila. Nililiandika neno lile mpaka likawa kama mvua: inanyesha, nani wa kulaumiwa?

Lakini ilikuwa inatokea nini hasa? Kulikuwa na vizuizi barabarani. Kwenye kizuizi mtu anadaiwa kitambulisho, na kitambulisho kimeandikwa Mhutu, au Mtutsi, au Mtwa, utaratibu ulioanzishwa na wakoloni wa Kibelgiji miaka ya 1930. Kulikuwa na orodha za majina. Kulikuwa na wanamgambo waliofunzwa, na viongozi waliotoa amri, na Wahutu waliopinga ambao waliuawa katika siku za mwanzo kabisa. Hayo yote yana majina, yana vyeo, yana tarehe. Neno "kikabila" liliyafunika yote. Kwenye vijiwe hapa mjini watu walisema, "Hao wanamalizana wenyewe." Tarehe 21 Aprili Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likapitisha uamuzi wa kupunguza askari wake Rwanda hadi 270. Mimi simtupii mtafsiri mmoja wa Dar es Salaam mzigo wa Baraza la Usalama. Nauliza tu: nani atatuma jeshi kuzuia mvua?

Tarehe 28 na 29 Aprili, ndani ya saa ishirini na nne hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara. Nilifika Benaco, kambi yao ya wakimbizi, wiki iliyofuata. Sitawasimulia yote niliyoyaona. Mto Kagera ulikuwa unashuka na miili, na pande za ziwani watu waliacha kula samaki. Pale Benaco walikuwemo waliokimbia vita, na walioua pia, wamelala chini ya turubai za rangi moja.

Nilikuwa na daftari na hamu. Nikamkaribia mzee mmoja aliyejua Kiswahili, mfanyabiashara, alikuwa anachonga mpini wa jembe bila jembe. Nikampa pole. Kisha nikauliza swali langu la kwanza: "Mzee, wewe ni Mhutu au Mtutsi?"

Akaacha kuchonga. Akasema: "Kwenye kizuizi nao walianza na swali hilo."

Halafu akaendelea kuchonga. Hakunijibu tena, wala swali la pili sikuwa nalo.

Wanangu, nimewauliza watu wengi maswali tangu siku ile. Naomba mnikumbuke kwa hilo moja nililokosea.

Mnaijua RTLM, ile redio ya Kigali. Mnafundishwa darasani kama redio ya chuki, na ilikuwa hivyo. Ila nataka mjue ilivyoanza. Ilianza Julai 1993 kwa muziki mzuri, mizaha, wasikilizaji wakipiga simu. Vijana waliipenda kuliko redio ya taifa. Oktoba mwaka ule Rais Ndadaye wa Burundi alipouawa na wanajeshi, RTLM ilitangaza habari ya kweli, kisha ikaipaka chumvi ya mateso na ikaikabidhi kwa kabila zima. Kufika Aprili 1994 ilikuwa inasoma majina ya watu na mahali walipojificha. Njia ya kutoka kwenye muziki hadi kwenye orodha ilichukua miezi tisa.

Na kabla yake kuna mfano unaonitisha zaidi, kwa sababu unafanana na kazi yetu ya kila siku. Tarehe 3 Machi 1992 Redio Rwanda, redio ya serikali, ilisoma taarifa iliyodaiwa kutoka kwa kikundi cha haki za binadamu cha Nairobi. Taarifa ilisema Watutsi wamepanga kuwaua viongozi wa Kihutu. Ilikuwa ya kughushi. Ilisomwa mara tano siku ile. Mauaji yakaanza Bugesera, na mamia ya Watutsi wakauawa ndani ya siku chache. Kusoma mara tano muda ulipatikana. Simu moja ya kwenda Nairobi ingechukua dakika ngapi?

Aliyekuwa akiongoza idara iliyosimamia redio ile, Ferdinand Nahimana, alikuwa mwalimu wa historia wa chuo kikuu. Baadaye alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa RTLM. Alihukumiwa hapa hapa kwetu, Arusha, na mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya Rwanda, tarehe 3 Desemba 2003, pamoja na Jean-Bosco Barayagwiza na Hassan Ngeze aliyekuwa mhariri wa gazeti la Kangura. Jaji Navanethem Pillay alimwambia Nahimana kwamba bila bunduki wala panga alisababisha vifo vya maelfu ya watu wasio na hatia. Rufaa mwaka 2007 ilipunguza vifungo, na baadhi ya makosa yakafutwa, lakini wote watatu walibaki na hatia. Mhariri! Mtu wa vichwa vya habari, kama mimi.

Najua mnachofikiri, maana nimekisikia miaka yote kwenye vijiwe vya kahawa: sisi hatuwezi kufika huko, sisi tuna Kiswahili. Tuna utani. Na kweli, utani ni mali. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali karne ya kumi na tisa, leo wanataniana misibani. Lakini angalieni utani unavyofanya kazi: anayetaniwa yupo mbele yako, na ana haki ya kukurudishia, tena papo hapo. Gazeti linamtania mtu ambaye hayupo.

Na Kiswahili? Nawapenda wanaokisifu. Ila sikilizeni maneno haya. Madoadoa. Kwekwe. Mende. Ni ya lugha gani? Ni Kiswahili safi, hata mtoto wa chekechea anayajua. Kenya, kule Bonde la Ufa, tangu miaka ya 1990, "madoadoa" limekuwa neno la kuwaita watu wa makabila mengine waliohamia: yaondolewe, shuka ibaki ya rangi moja. Mwaka 2022 Tume ya Kitaifa ya Utangamano na Uwiano ya Kenya iliyaweka maneno ya namna hii kwenye orodha ya maneno ya chuki. Kule Rwanda mende aliitwa inyenzi, na kuua kuliitwa gukora, yaani kufanya kazi. Lugha yoyote ina wadudu na ina kazi.

Sisi sensa yetu ya mwisho kuuliza kabila ilikuwa ya 1967. Vizuri sana. Lakini mtu akitaka kukutajia kabila bila kulitaja, atashindwa? "Jamii ya wafugaji." "Wakuja." "Watu wa kutoka kanda fulani." Mnacheka kwa sababu kila mmoja ameshajaza jina lake kichwani. Mhariri anajivunia kwamba hakutaja kabila, na msomaji ameshalisoma.

Basi, mzee, tufanyeje? Tunyamaze?

Hapana. Hapa naomba mniangalie, maana hapa ndipo semina nyingi za amani huwa zinapotea, na posho zake.

Kenya, uchaguzi wa Desemba 27, 2007. Matokeo yalitangazwa tarehe 30, siku hiyo hiyo serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Watu wakabaki na nini? Wakabaki na ujumbe wa simu, na uvumi. Tarehe 3 Januari 2008 magazeti makubwa yalitoka yote na kichwa kimoja, kuomba nchi iokolewe. Ilikuwa siku nzuri katika kazi yetu, nami niliona fahari. Zaidi ya watu 1,100 walikufa katika ghasia zile. Ulipofika uchaguzi wa 2013, vyombo vya Kenya vililaumiwa kwa kosa la upande wa pili: vilihubiri amani mpaka vikaogopa kuuliza hesabu za kura.

Na kuna siku ambapo kuficha kabila ni kumwua mtu mara ya pili. Tarehe 1 Januari 2008, Kiambaa, karibu na Eldoret, watu waliokimbilia kanisani walichomwa humo ndani, wengi wanawake na watoto. Wengi wao walikuwa Wakikuyu, na walichomwa kwa sababu hiyo. Ukiandika "watu kadhaa wafariki katika moto kanisani", umefanya nini? Umemlinda nani? Hapo kabila ndiyo habari. Liandike, na uandike nani aliandaa, nani alileta petroli, nani alilipa usafiri.

Mimi swali langu siku hizi ni dogo. Hawa wameuawa kwa sababu ya kabila lao? Kama ndiyo, sema. Kama hapana, wamegombania bwawa, au shamba, au stakabadhi mbili zenye mhuri mmoja, basi habari ni bwawa, shamba na mhuri. Kabila la kila mmoja waache wake zao walijue.

Burundi, mwaka 1995, wakati Bujumbura mitaa imegawanyika kiasi kwamba mwandishi wa kabila moja hawezi kuingia mtaa wa pili, Studio Ijambo, studio ya vipindi vya redio, ilianza kutuma waandishi wawili wawili, Mhutu na Mtutsi, kwenye tukio moja. Nilipolisikia mara ya kwanza nililiona kama onyesho la wafadhili. Baadaye nikaelewa ujanja wake. Mmoja akitaka kuandika "wao", mwenzake yuko pembeni, kwenye kiti hicho hicho cha gari, anamtazama. Mwaka huo huo kule Ngara ikaanzishwa Redio Kwizera, kwa ajili ya wakimbizi na wenyeji. Ilikuwa inatangaza pia nani anamtafuta nduguye. Jina la mtu, jina la kijiji, basi.

Dada wa mlangoni ameninyooshea vidole vitano. Namalizia.

Nyinyi leo hamhitaji mtambo. Kila mwenye simu hapa ni dawati la usiku. Kundi la ukoo, kundi la mtaa, kundi la waliosoma pamoja, mtu anakuletea picha ya mwili na mstari mmoja juu yake, na mstari ule ameuandika nani? Mtu kama mimi, saa nne usiku, anataka maneno yajae.

Nimekuja na lile gazeti. Hili hapa. Limekuwa la njano, rangi nyekundu imebaki. Mmepewa kila mmoja karatasi. Geuzeni nyuma, mniandikie kichwa kipya cha habari ile ile. Bonde, bwawa, stakabadhi mbili, vijana sita, watu wawili wamekufa. Maneno yasizidi matano. Dakika mbili.

(Tulingoja. Mmoja alisoma: "Wawili wafa bondeni." Nikamwambia, umetoka kwenye kabila umeingia kwenye hali ya hewa. Mwingine: "Mgogoro wa malisho waua." Nikamuuliza mgogoro una mikono? Binti mmoja wa safu ya nyuma, mwaka wa pili, akasimama bila kuitwa.)

"Bonde lakodishwa mara mbili, wawili wauawa."

Hayo ni sita, nikamwambia. Ukumbi ukacheka. Akahesabu kwa vidole, akafuta neno, akasoma tena: "Bonde lakodishwa mara mbili, wauawa." Kisha akaniuliza: "Mzee, hiki kingeuza gazeti?"

Nikamwambia ukweli. Lile la kwangu liliisha mezani kabla ya saa tatu asubuhi. Lako lingerudi nusu.

Akakaa, akaendelea kuandika.